Mama Chef wa Chumba cha Seva

Kosa langu la kwanza lilikuwa kubonyeza kitufe ili alama za njano ziondoke.

Nilikuwa na wiki nne kazini, katika bohari ya kampuni moja ya biashara ya jumla na usafirishaji hapa Lubumbashi. Sikuwa nimesomea kompyuta popote. Nilijifundisha kwa simu, kwa video zilizokatika katikati kila vifurushi vilipoisha, na kwa kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada. Kwa sababu hiyo niliogopa kuulizwa. Mtu aliyesoma chuo akiulizwa asichokijua, husema atatafuta. Mimi nilidhani nikiulizwa nisichokijua, watajua kila kitu kunihusu.

Kampuni nzima ilikaa ndani ya seva mbili. Ndani ya seva hizo kulikuwa na mashine pepe kumi na moja, yaani kompyuta zisizo na mwili wa chuma, kila moja ikiazima nguvu na kumbukumbu ya seva inayoibeba. Moja ilitoa karatasi za mizigo, nyingine ilifuatilia malori, nyingine ilishika barua-pepe, na kadhalika. Seva moja ilikuwa mpya kiasi. Ya pili ilikuwa ya zamani, iliyofika kwa treni kupitia Sakania, na wote tuliiita Muzee. Kazi ya Muzee ilikuwa kusubiri. Ile mpya ikianguka, yeye azibebe mashine zote, maana diski zao zilikaa kwenye kabati lililoungwa na seva zote mbili.

Kwenye orodha ya mashine pepe, kila moja ilikuwa na alama ndogo ya njano. Alama hiyo ilisema kwamba umbo la mashine ni la zamani na linaweza kupandishwa hadi toleo jipya. Siku moja mwenye kampuni, tuliyemwita Patron, mtu wa Kivu ya Kaskazini, alipita nyuma yangu akaelekeza kidole.

"Iyi rangi ya njano ni ya nini?"

Nilicheka kidogo, naye akaendelea na safari yake, labda alishasahau kabla ya kufika mlangoni. Mimi sikusahau. Saa ya chakula, watu walipotoka, nilizipandisha zote kumi na moja. Orodha ikawa safi. Niliipiga picha kwa simu yangu, naona haya kuliandika hili, na jioni nikaitazama tena kitandani.

Siku ya tisa baada ya hapo umeme ulikatika, kisha ukarudi kwa nguvu na kuunguza ile seva mpya. Muzee alijaribu kuzibeba mashine, akazikataa moja baada ya nyingine. Zilikuwa na umbo jipya kuliko lile analoweza kulielewa. Kurudisha umbo nyuma hakuna kitufe. Malori manne yalikuwa mpakani Sakania bila karatasi. Nilijua nilichofanya ndani ya dakika kumi. Nilinyamaza kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa.

Mkuu wa chumba cha seva alikuwa mwanamke aliyepita makamo kidogo, na bohari nzima, kuanzia wapakuaji hadi Patron, walimwita Mama Chef, chef wa Kifaransa, yaani mkuu. Saa tisa alikuja kusimama nyuma ya kiti changu. Mimi aliniita Petit, mdogo.

"Petit, hizi mashine zilibadilisha nguo zenyewe?"

"Sijui, Mama."

"Aba. Haujui. Na hii journal, iko na jina ya nani?"

Katika kumbukumbu ya seva lilikuwa jina langu, mara kumi na moja, na saa ya chakula imeandikwa pembeni.

Nilisubiri matusi. Aliniambia nilete kiti kingine, nikae, nitazame. Alitengeneza kwa mkono mashine tupu za umbo la zamani, moja moja, kisha akazipachika diski za zile zilizokataliwa. "Muntu ni ule ule," alisema bila kunitazama, "kanzu njo ingine." Yaani mtu ni yule yule, kanzu ndiyo nyingine. Kabla ya saa kumi na moja, mashine kumi zilikuwa zinatembea juu ya Muzee. Ya kumi na moja, ile ya karatasi za mizigo, ilikuwa imeumia diski umeme uliporudi. Hiyo tuliirudisha kutoka nakala iliyokuwa inahifadhiwa kwenye bohari yetu ya Goma, na ilifika polepole, asubuhi ya pili.

Patron aliingia akiwa na simu mbili mkononi, zote zinalia. Aliuliza ni nani.

"Tulifanya mise à jour bila kuuliza," Mama Chef alijibu.

Sasisho lile nilifanya mimi, lakini alisema tulifanya. Nilikuwa nimesimama kando yake. Patron alipotoka, Mama Chef alinigeukia. "Kosa ulifanya mu dakika moja. Kunyamaza ulifanya mu saa tano. Ile ya pili njo itakufukuzisha kazi siku moja."

Nilikaa naye miaka mingi baada ya hapo. Sijui alizaliwa wapi, na sikuwahi kuuliza. Nilijua alikuwa Mkatoliki wa misa ya kwanza, kwamba aliwahi kufanya kazi kwenye kompyuta za mgodi kabla mgodi haujapunguza watu, na kwamba alikuwa na nyumba mtaa wa Bel-Air. Mengine yote niliyajua kwa kumtazama akifanya kazi.

Chumba chetu kilikuwa zamani stoo ya samaki wakavu wa Kilwa, Kilwa yetu ya ziwani, si ile ya pwani. Siku za mvua harufu ilirudi, hata kiyoyozi hakikuiweza. Mama Chef alivaa koti zito la mwanamume juu ya kitenge, na miwani mbili shingoni, moja ya skrini na moja ya daftari. Alipiga marufuku chakula mle ndani. Mpakuaji mmoja aliingia na mkate, Mama Chef akamtoa nje kama mtu amtoaye mbuzi kanisani. Lakini chupa yake ya munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, ilikaa mle mle, sakafuni mbele ya Muzee. Mbele, si nyuma, kwa sababu seva huvuta hewa baridi mbele na kutoa joto nyuma. Nilipomwuliza, alisema munkoyo ni dawa.

Alikuwa hivyo. Hakupenda kitu kinachojisasisha chenyewe, alizima kila mpangilio wa namna hiyo katika kompyuta zote za bohari, lakini simu yake mwenyewe ilikuwa inajisasisha kila wiki na yeye hakujua pa kuzimia. "Babadilisha tena!" alilalamika, akiigeuza geuza. "Fasi ya picha iko wapi? Jana ilikuwa hapa." Mimi ndiye niliyemtafutia picha. Alichelewa mikutano yote, bila aibu, lakini akisema sasisho litaanza saa tatu, saa tatu kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Jenereta ikigoma aliitukana kwa Kiluba maneno marefu, kisha akafanya ishara ya msalaba, kisha akaitukana tena.

Daftari lake lilikuwa lile gumu la ofisini, lenye kona nyekundu. Kila seva ilikuwa na kurasa zake: aina ya kichakataji, kadi za diski, toleo la programu ndogo zilizo ndani ya chuma, na mwisho wa kila mstari aliandika inakubali mpaka toleo gani. Mtengenezaji wa programu anapotoa toleo jipya, huweka orodha ya vifaa ambavyo toleo hilo linavikubali. Sisi wengine tulisoma kwanza toleo jipya limeongeza nini. Yeye alianza na limeacha nini. Alichapisha ile orodha, akavaa miwani ya daftari, na kushuka na rula, mstari kwa mstari, akitafuta vifaa vyetu. Kikikosekana kimoja, alikunja karatasi.

"Haiko hapa," alisema. "Haiko hapa, haiko hapa. Tunangoja."

"Lakini pengine itafanya kazi tu, Mama. Watu kwenye mtandao wanasema inafanya kazi."

"Bale bantu, ikianguka, batakuya kukusaidia kuinua?"

Kabla ya kila sasisho tulikuwa na desturi ambayo sijaiona mahali pengine. Yeye alisoma kutoka daftarini, mimi nikatazama skrini na kuitikia. Alisoma jina la seva, nikajibu jina. Alisoma toleo, nikajibu namba. Alisoma nakala ya mwisho ni ya lini, nikajibu tarehe na ukubwa wake. Hakuna aliyegusa kitu hadi tumefika mwisho. Alikuwa na mpangilio usiobadilika: kwanza ile programu inayosimamia seva zote, kisha seva zenyewe, kisha vifaa vidogo vilivyo ndani ya mashine pepe, na mwisho kabisa, ikiwa kuna haja, umbo la mashine. Mimi siku ile nilikuwa nimeanza na mwisho.

Ya Furaha (Ya ni heshima ya dada mkubwa), aliyepanga safari za madereva na aliyekuwa na meza upande wa pili wa ukuta, alitusikia mara ya kwanza akafungua mlango.

"Munasali?"

"Tunaomba musamaha mbele ya zambi," Mama Chef akamjibu, yaani kabla ya kutenda dhambi. "Funga mulango, baridi iko natoka."

Kulikuwa na swali moja aliloniuliza katikati ya kuitikia, bila onyo. "Uliangalia ao ulikumbuka?" Mara nyingi niliangalia. Zile mara nilizokumbuka, alijua kwa kasi ya jibu langu.

Kisha ukaja mwaka ambao kila kitu kiliporomoka kwa pamoja.

Vita vilichukua miji ya mashariki. Bohari ya Goma ilinyamaza asubuhi moja. Kwanza simu, kisha kile kitone kidogo cha kijani kwenye skrini yetu kilichoonyesha kwamba nakala za usiku zimefika kule. Kikawa kijivu. Fundi wa Goma, kijana niliyezungumza naye karibu kila siku bila kuwahi kumwona, alituma ujumbe mmoja baada ya wiki mbili: yuko hai, yuko ng'ambo ya mpaka, hajui kilichotokea kwa mashine. Ndugu za Patron walianza kufika Lubumbashi na mabegi. Baadhi yao walilala katika bohari, kati ya magunia ya unga, na asubuhi tuliwapita watoto wakipigwa mswaki kwenye bomba la kuoshea malori.

Katika miezi hiyohiyo, kampuni iliyotengeneza programu ya seva zetu ilinunuliwa na nyingine kubwa. Barua ilifika. Leseni za kudumu hazipo tena, mteja sasa anakodi. Toleo tulilokuwa nalo litaacha kupata viraka vya usalama. Toleo jipya halikubali kichakataji cha Muzee wala kadi ya diski ya ile seva nyingine, iliyotengenezwa tangu ilipoungua. Mama Chef alishuka na rula mara tatu. Mara ya tatu hakuhitaji, alifanya tu.

Kwa hiyo hali ilikuwa hivi, na kila mtu ofisini aliijua. Hatukuwa tena na nakala ya mbali. Programu chini yetu ilikuwa imeachwa. Bohari ya Goma imekufa, na Lubumbashi ndiyo iliyobaki kulisha kampuni pamoja na wote wale waliolala kati ya magunia. Ikianguka mashine ya karatasi za mizigo, malori yanasimama, na bohari inafungwa.

Mama Chef alipendekeza tuhamie programu nyingine, ya bure, inayotengenezwa na watu wengi duniani na inayokubali seva za zamani. Patron alituita. Kabla ya mkutano wowote alisali, na siku hiyo alisali kwa muda mrefu, kwa ajili ya Goma. Kisha akafuta uso.

"Sasa, Mama. Tunahama lini?"

"Siku ya Mungu tano, Patron." Yaani Jumapili tano.

"Tano! Ile mutoto ya mukwe wangu anasema ni kazi ya siku moja."

"Ni ya siku moja. Akikosea, kufunga bohari ni ya siku moja pia."

"Mama, miye sina wiki tano. Sina ata moja. Unaona bantu kule inje."

"Ninabaona. Njo maana ninasema tano." Alivua miwani. "Zamani tulikuwa na Goma. Petit huyu alikosea, Goma ikatuokoa. Leo tukikosea, ni nani?"

Nilitazama sakafu. Patron alinitazama mimi, kisha yeye, na nadhani ndipo alipojua ni nani aliyepandisha zile mashine. Alisema, "Tano. Haiko sita."

Tulianza Jumapili iliyofuata, saa tatu, yeye akitoka misani na mimi nikitoka kukosa usingizi. Mpango wake ulikuwa kumwondolea Muzee kila kitu, kumvika programu mpya, na kuhamishia mashine kwake moja moja, zisizo na uzito kwanza. Ile seva nyingine ingebaki kama ilivyo, na programu ya zamani, ili kila mashine iwe na pa kurudi. Ya karatasi za mizigo ingekuwa ya mwisho.

Mimi nilitaka kuhamisha na kusafisha kwa wakati mmoja. Majina ya mashine yalikuwa ya ovyo, mengine kwa herufi kubwa, mengine kwa ndogo. Nilikuwa na orodha ya majina mapya, nzuri sana, niliyoitengeneza kwa siku tatu.

"Ukihama nyumba," alisema, "unabadilisha na majina ya batoto?"

Niliiweka orodha mfukoni.

Jambo la kwanza alilonifundisha Jumapili hiyo ni kwamba mashine pepe haihami na miguu mitupu. Ndani yake kuna programu ndogo zinazoiwezesha kuziona diski na mtandao. Katika programu mpya, diski inaonekana kwa namna nyingine. Ukiihamisha kwanza na kuziweka baadaye, itaamka bila kuona diski yake mwenyewe, na hutaweza kuingia kuisaidia. Hivyo tuliziweka zile programu ndogo wakati mashine bado iko hai katika nyumba ya zamani. "Mupe viatu mbele ya kutoka," alisema kwa kila moja. Mashine ya barua-pepe nilimsahaulisha mimi kwa kuuliza kitu kingine, ikahama bila viatu, ikaamka kipofu. Tuliirudisha nyuma, tukaivika, tukaihamisha tena. Dakika arobaini. Mama Chef aliandika daftarini: *Barua-pepe. Sikumuvalisha. Kosa yangu.*

"Ni mimi niliyekuvuruga," nikasema.

"Ni miye nilivurugika."

Hapo ndipo nilipojua kwamba daftari lile lilikuwa na makosa yake, kurasa na kurasa. Nilikuwa nimeliona kwa miaka na kudhani ni daftari la mtu asiyekosea.

Jumapili ya tano ilikuwa ya karatasi za mizigo. Ya Furaha alikuja pia, ingawa hakuwa na kazi, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na simu mapajani. Madereva wake sita walikuwa barabarani na alikuwa amewaambia wasifike mpaka wowote kabla ya Jumatatu. Patron alipita mara mbili na mara mbili akajifanya amekuja kuangalia jenereta.

Tukaanza kuitikia. Yeye alisoma, mimi nikajibu. Nilikuwa nimekesha nikipitia kila namba, nilizijua zote kwa moyo, na nilitaka aone. Alisoma toleo la programu ya ndani ya kadi ya diski ya Muzee. Nilijibu papo hapo.

Aliinua uso kutoka daftarini.

"Uliangalia ao ulikumbuka?"

Ningeweza kusema niliangalia. Skrini ilinielekea mimi, yeye hakuiona. Ya Furaha aliacha kubonyeza simu.

"Nilikumbuka, Mama."

"Angalia."

Nikaangalia. Namba haikuwa ile. Fundi aliyebadilisha kadi ya Muzee alipokuja kutengeneza ile seva iliyoungua alikuwa ameweka kadi yenye programu ya nyuma zaidi, na mimi nilikuwa nimenakili namba kutoka karatasi ya kadi iliyotolewa. Mashine kumi nyepesi hazikuwa zimeichosha kadi. Ya mizigo, yenye diski kubwa na maandishi mfululizo, ingeichosha, na programu ile ya nyuma ilijulikana kuziacha diski katikati ya kazi. Ilikuwa imeandikwa kwenye orodha, kwa herufi ndogo, mstari ambao nilikuwa nimeusoma.

Mama Chef alifunga daftari juu ya kidole chake.

"Muzuri," alisema. "Sasa tunajua. Tunarekebisha kadi kwanza. Furaha, leta chai."

"Chai mu chumba hii? Weye mwenyewe ulikataza."

"Leo ninaruhusu. Leta!"

Tulirekebisha kadi. Tulianza kuitikia upya, kutoka mstari wa kwanza, na kila jibu nililitoa nikiwa nimeweka kidole juu ya namba kwenye skrini. Saa tisa mchana mashine ya karatasi za mizigo iliamka juu ya Muzee. Ya Furaha alichapisha karatasi moja ya majaribio, akaishika kwa mikono miwili, akaisoma yote kwa sauti kuanzia jina la dereva hadi uzito wa shehena. Patron alitokea mlangoni. Safari hii hakusema lolote kuhusu jenereta. Alisema, "Tusali," nasi tukasimama, Mama Chef na koti lake la kiume, chai mkononi.

Mwezi uliofuata kampuni ilipunguza watu. Mama Chef aliniambia amechoka, miguu inamuuma, baridi ya chumba imemwingia mifupani, anakwenda kupumzika. Nilimwamini. Aliacha daftari juu ya meza, akachukua chupa yake, akaondoka siku ya Ijumaa kabla ya saa sita, bila hotuba. Ilipita nusu mwaka kabla ya Ya Furaha kuniambia. Chumba cha seva kilitakiwa kubaki na mtu mmoja. Patron alimchagua Mama Chef, na Mama Chef akasema abaki mtoto, yaani mimi.

Basi kila nilipokaa kwenye kiti chake niliona kuwa nimekalia kitu ambacho sijakipata kwa haki. Nilifanya kazi kwa saa nyingi zaidi kuliko ilivyohitajika. Niliitikia peke yangu, nikisoma na kujibu, kama mwendawazimu.

Nilimwona mara ya mwisho nyumbani kwake Bel-Air, Jumamosi mchana. Nilikwenda na shida. Programu yetu mpya ilikuwa imetoa toleo kubwa, na Patron alilitaka kabla hajafungua bohari ndogo Kilwa, ziwani. Mtoto wa mkwe wake alikuwa amemwambia ni jambo la kubonyeza tu. Toleo hilo halikumkubali tena Muzee. Kulisakinisha kungetuacha na seva moja inayotembea na nyingine isiyoweza kuibeba ikianguka. Nilijua jibu. Nilitaka Mama Chef aliandike yeye, kwa mkono wake, nimpelekee Patron.

Alikuwa barazani akichambua maharage, miwani zote mbili shingoni na ya tatu, mpya, puani. Amekonda. Aliniletea kiti, akaniuliza habari za Muzee kabla ya habari zangu. Nilimweleza, nikampa karatasi na kalamu. Alicheka hadi akakohoa.

"Petit, miye support yangu iliisha. Balinitoa ku liste."

"Mama, mimi sitaweza. Akiniuliza nitasema labda."

Alisukuma sinia la maharage kando. Akajinyoosha, akatoa tumbo mbele, akakohoa kikohozi cha Patron, kile cha mara mbili.

"Petit. Tusali kwanza."

Nilicheka.

"Usicheke. Iyi version mupya, tunaweka lini?"

"Patron, nilikuwa nafikiri, labda tungengoja kidogo..."

"Labda? Mutoto ya mukwe wangu hasemi labda." Akarudi kuwa yeye. "Tena."

Mara ya pili nilieleza kila kitu, vichakataji, orodha, kadi, kwa dakika nzima. Alisinzia kwa makusudi, mdomo wazi. "Tena."

"Hapana, Patron," nikasema. "Muzee hataweza. Ile nyingine ikianguka, bohari inafungwa. Nunua seva mpya kwanza, kisha tutaweka."

Alishusha miwani. Kisha akavuta sinia.

"Njo ile," alisema, yaani ndiyo hiyo.

Tulichambua maharage pamoja. Nilipokaribia kuondoka nilimwambia kwamba Ya Furaha ameniambia juu ya kazi, ni nani aliyechaguliwa na ni nani aliyekataa.

"Furaha iko na kinywa."

"Uliniambia nisifiche kitu, Mama."

"Nilikuambia weye," alisema, akatupa jiwe dogo uani. "Miye sikujiambia." Hakutaka tuendelee. Alinifungia maharage kwenye mfuko, akaniambia nisipitie njia ya sokoni, mvua inakuja.

Jumatatu niliingia kwa Patron kabla hajaniita. Nilisema maneno yale, kwa mpangilio ule. Alikasirika, akampigia simu mtoto wa mkwe wake mbele yangu, akaweka sauti nje. Yule alisema labda itafanya kazi. Nilifungua orodha, nikaweka kidole mahali ambapo Muzee hayupo, nikangoja. Mchana Patron alikuja chumba cha seva na kuuliza anunue seva ya aina gani.

Bohari ya Kilwa ilifunguliwa ikitumia toleo la zamani, na malori hayajasimama. Seva mpya imefika. Ya Furaha amekubali kunisomea daftari siku za sasisho, mimi naitikia. Na tangu Jumatatu ile, nikiulizwa nisichokijua, nasema sijui mbele ya watu wote, kabla ya kugusa kitu chochote.